Kula, Wakati Uliopita

Sista mkuu alipouliza, "Nani hapa anajua Kihispania?" wodi nzima iligeuka ikamtazama Sinyora. Sinyora naye akageuka kutazama nyuma yake, kana kwamba huenda kuna Sinyora mwingine. Nyuma yake kulikuwa na sinki.

Jina hilo alijipa mwenyewe, ndiyo maana hakuna aliyemhurumia. Kwa miezi alikuwa akitandika vitanda na kisikilizio kimoja sikioni, akinong'ona maneno ambayo wagonjwa waliokuwa usingizini waliyadhani ni dua. Alianza kwa ajili ya tamthilia za runinga. Yeye na mdogo wake walizitazama kila jioni, na ilimuudhi kwamba watu wanalia, wanachapana vibao na kuoana kwa lugha asiyoijua. Akaweka masomo kwenye simu. Alipojifunza kusema habari za asubuhi, aliisalimia wodi nzima. Alipojifunza kusema rafiki, kila muuguzi akawa "amiga". Mtu akimuuliza amefika wapi, anapunga mkono kidogo na kusema, "Sasa hivi nanyoosha lafudhi tu."

Lafudhi! Mtoto wa watu alikuwa somo la sita. Alijua kula, kunywa, kusema, kusoma na kuishi, tena kwa wakati uliopo peke yake. Kwa Kihispania cha Sinyora hakuna mtu duniani aliyewahi kufanya jambo lolote jana.

"Wewe," alisema sista mkuu. "Unakijua?"

"Ndiyo, Sista."

Hapa msimwonee. Katika wodi ile, "ndiyo, Sista" halikuwa jibu, lilikuwa namna ya kupumua. Sista mkuu, ambaye nyuma ya mgongo wake aliitwa Kamanda, hakuwa mtu wa kurudia swali. Kwa hiyo wauguzi walizoea kusema ndiyo kwanza, halafu kwenda kujificha mahali na kuulizana wamekubali nini. Mfanyakazi mgeni alifundishwa hilo kabla hata ya kuonyeshwa choo.

"Basi njoo," alisema Kamanda. "Kuna mtu anataka kupoteza vidole."

Njiani akaelezwa. Yule mtu alikuwa fundi mgeni, ameletwa kufunga mtambo kwenye kiwanda cha chupa, na mtambo ulipowashwa kwa majaribio ukamuuma mkono wa kulia. Vidole viwili vilikuwa vinaning'inia. Dereva wa kiwanda alimshusha mlangoni na kuondoka mbio kumtafuta mwenzake fundi, ambaye ndiye huwa anamtafsiria. Kumpigia simu haikuwezekana, kwani mtandao ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu alfajiri na simu za watu zilikuwa zimegeuka tochi. Kumwandikia mgonjwa mwenyewe nako hakukufaa, maana miwani yake ilibaki kiwandani, chini ya mtambo, vipande vipande.

Nje ya chumba cha upasuaji alikuwa amesimama mtaalamu wa dawa za usingizi, mtu mzima mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa macho. Wote walimwita Mzee wa Usingizi.

"Binti, nataka jambo moja tu," alisema. "Huyu mtu leo amekula au hajala? Kama tumbo ni tupu, namlaza kwa nusukaputi na daktari anafanya kazi yake kwa raha. Kama amekula nikamlaza, chakula kitapanda, kitaingia mapafuni mwenyewe hana habari, na tutamzika na vidole vyake vyote kumi. Umeelewa?"

"Ndiyo, daktari."

"Akiwa amekula, nitamchoma ganzi ya bega abaki macho. Lakini ganzi ile inataka mtu atulie tuli, na huyu anatetemeka kama mashine ya kufulia. Akirusha bega sindano ikiwa ndani, namuumiza vibaya. Kwa hiyo sitaki kubahatisha upande wowote. Kamuulize. Vidole havina saa nyingi."

Sinyora akasema anakuja. Akasema kuna kitu anachukua. Akatembea polepole hadi kona, na baada ya kona akatimua mbio mpaka stoo ya mashuka, akajifungia.

Alitoa simu. Masomo, kwa bahati, alikuwa ameyahifadhi ndani, hayakuhitaji mtandao. Akatafuta somo la wakati uliopita. Lilikuwepo, na juu yake kulikuwa na picha ya kufuli. Ukitaka kuingia wakati uliopita, lazima kwanza ufaulu mtihani wa wakati uliopo.

"Mungu wangu," alisema Sinyora kwa Kiswahili kisicho na lafudhi yoyote.

Akaanza mtihani, amekaa juu ya rundo la mashuka. Mimi nakula: "como". Sawa. Simu ikapiga tarumbeta ya shangwe. Akaizima sauti kwa vidole vinavyoteleza. Wewe unakula: "comes". Yeye anakula: "come". Alipofika nyinyi, akakosea. Simu ikamwonyesha uso wa kikatuni uliosikitika na kumshauri apumzike, anywe maji, ajaribu tena kesho.

Tatizo la Sinyora na lugha ile lilikuwa hili. Kwa Kiswahili mtu anayetenda anaingia kwa mlango wa mbele: nilikula, ulikula, alikula. Unamwona kabla hata kitendo hakijafika. Kwa Kihispania mtu amejificha mkiani. Kitenzi kinapita chote mbele yako, ndipo mwishoni unamwona mwenyewe akichungulia, na akikuponyoka hapo umempoteza. Ili kumpata, Sinyora alikuwa na njia moja tu: kuanzia juu, mimi, wewe, yeye, na kushuka kama mtu anayepapasa ngazi gizani. Kurukia katikati hakuweza. Kila alipojaribu, aliangukia kwa mtu mwingine.

Mlango ukagongwa.

"Sinyora!" Ilikuwa sauti ya msukuma machela, waliyemwita Tairi. "Kamanda anauliza, hiyo Hispania uliyoenda ni ya mbali?"

"Nakuja!"

"Mimi nakwambia tu, dada yangu. Amekunja mikono."

Kamanda akikunja mikono, watu walihama zamu. Sinyora akarudia mtihani. Safari hii nyinyi akampata, "coméis", na kufuli likafunguka. Wakati uliopita ukamwagika mbele yake: "comí, comiste, comió". Nilikula, ulikula, alikula. Halafu kukawa na onyo chini, kwa herufi ndogo, kwamba mtu wa heshima usimwambie "wewe", mwambie kwa kitenzi cha "yeye". Sinyora akashika kichwa. Kwao mtu akiwa mbele yako ukamwita "yeye", huo ni usengenyaji. Lakini hakukuwa na muda wa kubishana na taifa zima. Akabeba "comió" kama mtu anavyobeba yai kwenye kijiko, akatoka nalo mdomoni, "comió, comió, comió", mpaka kwenye machela.

Fundi mgeni alikuwa mtu wa makamo, masharubu yamelowa mafuta ya mtambo, uso umepauka kama chokaa. Mkono wake ulikuwa umefungwa na kuinuliwa juu ya mto. Alipomwona Sinyora alimkodolea macho, na Sinyora akaona kwamba mtu huyu mkubwa, mwenye mabega ya kubeba injini, alikuwa anaogopa kama mtoto aliyeachwa sokoni.

"Comí," alisema Sinyora. Ngazi ya kwanza. "Comiste. Comió." Akavuta pumzi. "¿Usted comió..."

Neno la leo likamtoka kichwani. Lilikuwepo, alilijua, ni fupi, na sasa halipo. Lililokuja lilikuwa la jana, kwa sababu mfano wa kwenye simu ulikuwa wa jana.

"... ayer?"

"Sí," alisema fundi.

"¿Ayer?"

"Sí, sí. Ayer."

Amenielewa! Sinyora alisikia joto la furaha likimpanda mpaka masikioni. Ameuliza swali kwa lugha ya watu na mtu amejibu. Akageuka, akaenda haraka kwa Mzee wa Usingizi kabla furaha haijapoa.

"Alikula jana."

"Kila mtu alikula jana, binti," alisema Mzee wa Usingizi. "Nakuuliza leo. Leo hajaweka kitu mdomoni?"

Nyuma ya bega lake alisimama Kamanda. Mikono, kweli, ilikuwa imekunjwa. Sinyora akafikiria kurudi, kupanda ngazi upya kuanzia mimi, kulitafuta lile neno la leo mbele ya macho yale mawili. Ulimi ukamganda. Kisha, bila yeye kuutuma, ukaganduka na kusema kile ulichozoea.

"Ndiyo, daktari."

"Umemuuliza?"

"Ndiyo, daktari."

"Vizuri. Tumbo tupu. Tairi, mlete."

Ikawa imekwisha. Ilikuwa rahisi mno. Kamanda hata alimpiga Sinyora begani, jambo ambalo katika wodi ile lilihesabiwa sawa na kupandishwa cheo.

Tairi akaanza kusukuma. Ushoroba ulikuwa mrefu, na taa zake zilipita juu ya uso wa fundi moja baada ya nyingine. Kwa mkono wake mzima alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa Sinyora, hataki kukiachia. Machozi yalikuwa yakimtelemkia pembeni hadi masikioni. Sinyora akaona amtulize kwa Kihispania kidogo alichonacho.

"¿Está bien?"

"Sí," alisema fundi, huku analia.

Kitu kikamchoma Sinyora chini ya mbavu. Mtu mwenye vidole vinavyoning'inia hayuko vizuri.

"¿Usted es doctor?"

"Sí."

Hatua zikapungua.

"¿Usted es mi mamá?"

"Sí, sí," alisema fundi upesi, akitikisa kichwa, macho yakimwomba asikasirike.

"Anasemaje?" aliuliza Tairi.

"Anasema yeye ni mama yangu."

"Basi mwamkie."

Sinyora hakucheka. Ile "sí" aliifahamu. Aliijua sauti yake na haraka yake na namna inavyotoka kabla swali halijaisha. Ilikuwa "ndiyo, Sista". Mtu huyu alikuwa hasikii kitu. Alikuwa anakubali tu, chochote, kwa yeyote aliyevaa nguo nyeupe, ili wasimwache. Na yeye Sinyora alikuwa ameichukua ndiyo ile ya uwongo, akaijaza na ndiyo yake mwenyewe, akampelekea mtu mwenye sindano.

Milango ya chumba cha upasuaji ilikuwa imefunguliwa. Aliiona taa kubwa, na Mzee wa Usingizi akiwa ameinua bomba la sindano kwenye mwanga, akilitoa hewa.

Shetani, kama kawaida yake, alikuwa na maneno ya busara. Huenda hajala kweli. Watu wengi hawali asubuhi. Akiwa hajala, hakuna atakayejua. Ukisema sasa, wewe ndiye umedanganya mbele ya Kamanda, juu ya mwili wa mtu, na kazi hii hujaifikisha hata mwaka. Machela ikavuka mstari mwekundu wa sakafuni.

Akakanyaga breki.

Machela ikasimama ghafla, na Tairi, ambaye hakuambiwa, akaigonga kwa tumbo.

"We! Unataka kuniua kabla ya mgonjwa?"

"Sijui," alisema Sinyora.

"Hujui nini?" aliuliza Mzee wa Usingizi kutoka ndani, bila kushusha bomba.

"Sijui kama amekula." Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu aliye kisimani. "Leo sikumuuliza. Nilisema ndiyo tu. Na yeye anasema ndiyo tu. Anakubali kila kitu, daktari. Amekubali kuwa mama yangu."

Nyuma yake alisikia viatu vya Kamanda vikija, tak, tak, tak, na kusimama.

"Umesema nini?" alisema Kamanda kwa upole. Upole wake ndio ulikuwa mbaya.

"Kihispania chako ni kiasi gani?" aliuliza Mzee wa Usingizi.

"Somo la sita. La saba nimelianza leo. Kwenye stoo."

Daktari wa upasuaji, mikono imeinuliwa na glavu tayari, akasema kutoka upande wa pili wa meza, "Vidole havisubiri mtihani, jamani."

Mzee wa Usingizi alimgeukia Sinyora. Halafu akasema, taratibu, "Muulize sasa. Hapa, nikiona. Na umuulize kitu ambacho hawezi kukijibu kwa ndiyo."

Watu wote walikuwa wanamtazama. Sinyora akainama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa fundi. Alitaka kulia. Akatafuta neno katikati ya kitenzi, hakulipata, kwa hiyo akafanya kile pekee alichoweza: akaanzia juu, kwa mimi. Lakini safari hii hakukariri. Akajigusa kifua.

"Yo comí pan," alisema. Mimi nilikula mkate. Akaonyesha dirisha na mwanga wa mchana uliokuwa nje, na neno lile fupi likarudi lenyewe, kama paka. "Hoy."

Fundi akamtazama mdomo.

Sinyora akamwonyesha Tairi. "Él comió mucho." Akachora tumbo hewani kwa mikono miwili.

"Ananisema," alilalamika Tairi. "Sikijui Kihispania lakini hapo nimesemwa."

Kitu kidogo kikalegea kwenye uso wa fundi, karibu na masharubu. Sinyora akamwekea kiganja kifuani. Chini ya kiganja moyo wa mtu ulikuwa unakimbia.

"¿Y usted? Hoy. ¿Qué comió?"

Na wewe, leo, ulikula nini? Fundi akafungua mdomo. Ilikuwa dhahiri "sí" imeshafika kwenye meno. Ikakosa pa kutokea. Akatazama bomba la sindano, akamtazama Kamanda, ambaye sura yake haikumsaidia mtu yeyote, akarudi kwa Sinyora. Alionekana kama mwanafunzi anayeogopa kwamba jibu la kweli litamfukuzisha darasani.

"Pan," alisema kwa sauti ya chini. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyemkaripia, "Huevos. Café. Pan, más pan." Mkono wake mzima ukaiga mtu anayejaza mdomo, haraka haraka, kama wanavyokula mafundi wanaosubiriwa na mtambo. Kisha akaonyesha mkono uliofungwa, akagonganisha meno: ngap!

Hapo hakukuhitajika somo la nane. Alikula mkate na mayai, akanywa kahawa, akashiba, akaenda moja kwa moja kuumwa na mtambo.

Mzee wa Usingizi aliliweka bomba kwenye sinia. Aliliweka taratibu sana.

"Ganzi ya bega," alisema. "Na wewe unaingia. Huyu sindano yangu haitamkuta ametulia mpaka kuwe na mtu wa kumshika."

"Huyu si wa chumba hiki," alisema Kamanda.

"Leo ni wa chumba hiki."

Kamanda akamsogelea Sinyora na kumfunga kamba za barakoa kisogoni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Tutaongea," alimnong'oneza.

Ndani kulikuwa na baridi. Wakasimamisha pazia la kijani ili fundi asiuone mkono wake, na Sinyora akawekwa kwenye kigoda upande wa kichwa. Sindano ya ganzi ilikuwa ndefu, na fundi aliiona. Mwili mzima ukaanza kutetemeka, meza ikalia kwa vyuma.

"Mtulize," alisema Mzee wa Usingizi. "Siwezi kuingiza hivi. Mwambie kitu."

Mwambie nini? Sinyora hakujua neno la tulia, wala la usiogope, wala la itaisha. Alikuwa na vitenzi vitano. Akamshika mashavu kwa viganja viwili na kumtolea vyote alivyokuwa navyo.

"Como," alisema. "Comes. Come."

Fundi akamwangalia kama anaangalia kichaa.

"Comemos. Coméis. Comen."

Akaenda kwenye kunywa. "Bebo, bebes, bebe." Kwenye "bebemos" midomo ya fundi ikaanza kwenda pamoja na yake. Labda kuna darasa kila mahali, na madawati, na mwalimu anayetembea na fimbo kati ya mistari, kwa sababu mtu yule alianza kukariri kwa mahadhi, macho juu, kama watoto wanavyokariri. Kutetemeka kukapungua. Sindano ikaingia. Alikunja uso, akamkaba Sinyora kidole, hakurusha bega.

Daktari akaanza kushona. Vitenzi vikaanza kuisha. Wakasema, wakasoma, wakaishi, watu wote sita wakaishi, na kazi upande wa pili wa pazia ilikuwa bado mbichi. Sinyora akanyamaza, hana kitu.

"Tengo," alisema fundi.

Hakulijua. Akatikisa kichwa.

"Tengo miedo," alisema fundi polepole, mwalimu sasa ni yeye. Akajigusa macho, akaonyesha jasho la paji lake. Kisha kidole chake kikagusa shingo ya Sinyora, pale mshipa ulipokuwa unadunda kama unataka kutoka. "Tienes miedo."

Nina hofu. Una hofu. Hilo halikuhitaji picha.

"Tengo miedo," alirudia Sinyora, na ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kihispania aliyoisema bila kubahatisha. "Tienes miedo. Tiene..."

Uso wa fundi ukabadilika rangi. Ukawa kijani kama pazia. Akafumbua mdomo bila sauti, na Mzee wa Usingizi, ambaye hakuonekana kuwa na mbio mwilini mwake, alikuwa tayari amemgeuza kichwa na kumwekea bakuli la chuma chini ya kidevu. Vikatoka. Mkate, vipande vikubwa, havijatafunwa vizuri. Mayai. Kahawa. Vikatoka tena, na tena, na mtu mwenyewe yuko macho, anakohoa, anatema, anavuta pumzi, anaomba radhi kwa lugha yake.

Mzee wa Usingizi akalishika bakuli akilitazama, muda mrefu kuliko linavyostahili kutazamwa bakuli la namna hiyo. Kisha akalifunika kwa kitambaa, akamfuta fundi mdomo na masharubu, kwa uangalifu, kama mtu anayemfuta baba yake.

"Rangi imerudi kwenye kidole kimoja," alisema daktari nyuma ya pazia. "Cha pili hakijaamua. Nataka atulie hivyo hivyo."

"Mmefika wapi?" Mzee wa Usingizi alimuuliza Sinyora.

Sinyora akayashika tena mashavu ya fundi.

"Kwenye sisi, daktari."

"Basi endeleeni."